Mbona Mimi Sijengewi Mnara?

Ubaya wa kuzaliwa Ujiji, huku kwetu Kigoma, ni kwamba ukisafiri, safari yako inapimwa kwa ya Stanley, yule mwandishi wa gazeti aliyetumwa kumtafuta Livingstone. Mwaka 1871 yule bwana alitoka Bagamoyo mwezi wa tatu, akapita Tabora, akaugua homa, akagombana na wapagazi wake, akafika kwetu mwaka unaelekea ukingoni. Akamwona mzungu mwenzake, akavua kofia: "Daktari Livingstone, bila shaka?" Basi. Maneno manne! Wakajengewa mnara, wakachongewa sanamu za makumbusho zimeinua kofia mpaka leo, na watu wanalipa kiingilio kwenda kutazama watu wawili wakisalimiana. Marehemu bibi yangu akikutana na jirani kisimani walikuwa wanaulizana mpaka hali ya mbuzi, na hakuna aliyekatishwa tiketi.

Tena wa kwanza kumpokea Stanley hakuwa Livingstone. Alikuwa Susi, mtumishi wa mzee, aliyejipenyeza kwenye umati akamwamkia. Huyo Susi na mwenzake Chuma ndio baadaye walioibeba maiti ya Livingstone toka huko ambako leo ni Zambia mpaka pwani. Salamu ya Susi nani anaikariri? Na lingine linaloniuma: kurasa za shajara ya Stanley za siku ile zimechanwa. Mimi nikirudi safari nimepungukiwa risiti moja ya gesti, mama watoto anaitisha kikao cha ukoo. Stanley kachana kurasa, dunia nzima inamwamini.

Nami nimesafiri. Nauza ndoo na masufuria pale Mwanga, Kigoma mjini, na biashara imenipeleka nje ya nchi mara kadhaa. Nimekutana na watu ambao, kwa haki kabisa, kila mmoja angestahili japo kibao cha bati.

Wa kwanza ni afisa mmoja wa mpakani. Wa upande gani sisemi, bado napita pale. Aliniomba kadi ya njano. Nikampa. Uso ukamwanguka kama mtu aliyefiwa, maana alishapanga nisiwe nayo. Akaikagua mbele na nyuma, akaangalia hata mshono, kisha akachangamka.

"Mzee, hii imepita miaka kumi. Imekufa."

Nikamwambia kwa adabu, mwanangu, hiyo sheria ilibadilishwa mwaka 2016. Chanjo ya homa ya manjano sasa ni ya maisha.

Akanitazama juu mpaka chini, akauliza, "Maisha ya nani?"

Mpaka leo sina jibu. Nilipita, lakini nilipita nikiwa mwepesi mfukoni kuliko nilivyofika.

Wa pili alikuwa mhudumu wa mgahawa, Bujumbura. Nilifika nimechoka, maana Burundi magari yanakaa kulia, na mimi tangu Manyovu nilikuwa nakanyaga breki ya miguu kwenye kiti cha abiria. Mjini nikavuka barabara nikitazama upande wa Tanzania, pikipiki ikanijia upande wa Burundi. Nikaona bora niketi nile. Yule kijana akaniletea sifa kabla ya chakula: baba, wewe mgeni, usiondoke hapa bila kula mukeke, samaki wa kwetu, kwenu Tanzania hamna. Aliongea kwa fahari mpaka nikaona haya kuuliza bei. Muha na Mrundi tunasikilizana lugha, lakini nilitaka heshima ya mgeni, nikanyamaza na Kiha changu.

Samaki akaja amechomwa vizuri, na ndizi pembeni. Nikamtazama machoni. Samaki naye akanitazama. Tukajuana.

Mgebuka! Mgebuka huyuhuyu ninayemla nyumbani mpaka watoto wanauliza kama kosa ni lao. Ziwa moja la Tanganyika, maji yaleyale, kavuka mpaka bila kadi ya njano wala afisa, akabadilisha jina na kupandishwa cheo. Nililipa faranga nikizihesabu kwa uchungu. Kijana akauliza, "Umeona? Si nilikwambia?" Nikasema nimeona.

Ila wa kuzidi wote ni Mkongo wa Kalemie, ng'ambo ya ziwa lilelile. Nilimkuta kwenye boti, amevaa suti rangi ya papai na viatu vyeupe, kakaa juu ya viroba vya dagaa kama waziri. Mimi nilikuwa na kandambili. Tukaongea usiku kucha, na kulipopambazuka akanipigapiga begani: "Papa, Kiswahili yenu iko nguvu sana!"

Nilivimba. Kiswahili chetu kina nguvu! Nikamshukuru kwa niaba ya taifa, nikaongeza na methali mbili. Siku ya tatu ndipo mwenye gesti akanifafanulia kwamba "iko nguvu" kwao maana yake ni ngumu. Usiku kucha yule bwana alikuwa haambulii kitu, anatikisa kichwa kwa malezi mema tu.

Siku ya kurudi akaniambia boti inaondoka saa kumi na nne. Mimi saa kumi na nne naijua wapi? Nikafikiri ni kumi na mbili ya jioni ukiongeza mbili, nikaenda kulala. Kumbe mwenzangu anahesabu Kifaransa kichwani, ni saa nane mchana. Boti iliniacha siku nne.

Mwezi uliopita akapiga simu. Anakuja Kigoma, nimpokee Kibirizi, saa kumi na nne. Safari hii sikuingia mtegoni. Saa nane kamili nipo mwaloni, nimevaa shati la Idi, na nikasema moyoni, leo ndiyo leo, nitatoa salamu ya kuchongewa jiwe. Nilishaitunga. Ilikuwa na vina.

Saa nane na nusu, hakuna mtu. Jua linanichoma, dagaa zinaanikwa, salamu inaanza kuchacha. Saa tisa ndipo suti ya papai ikashuka kwenye boti, imebebwa mgongoni na kijana mmoja ili viatu visilowe. Nikafungua kinywa niingie kwenye historia, kikatoka kitu kimoja tu:

"Umechelewa."

"Hapana, Papa," akasema, ananionyesha mkono wenye saa. "Miye niko kwa saa. Saa ya kwenu njo iko mbele."

Kweli bwana, wao wako nyuma yetu saa moja nzima. Hilo sikuwa nimelipigia hesabu.

Nikampeleka nyumbani. Mama watoto, ambaye mimi hunipa chai na kiporo, alikuwa ametandika kitambaa mezani. Akaleta mgebuka wa nazi na ugali. Mgeni akamega, akafumba macho, akatafuna taratibu.

"Mama," akasema, "samaki hii kule kwetu haiko kabisa."

Nikageuka nimcheke pamoja na mke wangu. Wapi! Alikuwa anatabasamu, upawa mkononi, anamwongezea kichwa. Kichwa changu.