Mtoto wa kufikia akiwa na kipaji, nani amshangilie?

Kibirizi, Kigoma, mwendo mfupi kutoka mwaloni zinakotua mitumbwi, kuna nyumba yenye watoto sita. Watatu ni wa baba, walibaki naye ndoa yake ya kwanza ilipovunjika. Wawili ni wa mama, alikuja nao kutoka Ujiji baada ya kufiwa na mumewe. Wa sita, ambaye bado anatambaa, ni wa wote wawili. Ni majirani zangu, na wamenikubalia niandike habari zao bila kutaja majina.

Binti mkubwa wa mama ana sauti ya kaswida. Akishika ubeti wa kwanza, hata wanaopita na ndoo za dagaa kichwani hupunguza mwendo. Katika Maulidi ya mwaka 2023 mzee mmoja wa Ujiji alimsikiliza, akatikisa kichwa, akasema kwa sauti iliyofika kila pembe ya jamvi: "Huyo ni marehemu kabisa." Marehemu ni baba yake, aliyekuwa akiongoza kaswida huko Ujiji. Mama akainamisha uso. Baba wa kufikia, aliyekuwa ameketi safu ya tatu, aliondoka kabla ubwabwa haujaletwa.

Hana chuki na mtoto. Ndiye anayemnunulia daftari, ndiye aliyembeba mgongoni usiku wa manane alipougua malaria. Kilichomwinua pale jamvini ni kitu kingine, na ndicho ninachotaka tukitazame, kwa sababu tunapozungumzia vipaji vya watoto katika nyumba zilizounganika, mazungumzo huishia kwenye pesa na usawa. Hayo yapo. Lakini kiini nakiona kwingine: kipaji ni urithi, na urithi una mwenyewe. Ukiisifu sauti ya mtoto wa kufikia, umemleta ndani ya nyumba yule aliyemzaa. Wengine hawataki aletwe.

Wazee wengi niliozungumza nao wanashauri tunyamaze, tusimsifu mtoto yeyote. Wanasema nyumba ya mama mmoja ikimsifu mtoto huyu, yule atanuna mpaka jioni, kisha watakula sahani moja yataisha. Nyumba yenye watoto wa kila upande, sifa haikai kwa mtoto peke yake, inahesabiwa upande. Nimeliona hilo kwa macho. Kijana mkubwa wa baba, sasa ana miaka 16, ni winga mwenye mbio, na alipochaguliwa timu ya shule baba alimnunulia njumu. Wiki hiyohiyo binti wa kaswida alihitaji kushonewa sare ya kikundi cha madrasa. Mama alitoa hela ya dagaa zake mwenyewe bila kumwambia mtu. Hakuna aliyegombana, hakuna aliyelalamika, lakini miezi mingi baadaye mdogo wake yule binti, mvulana mdogo kabisa wakati huo, alinieleza habari ya njumu na sare kama mtu anayesoma daftari la madeni. Watoto walihesabu wote.

Kwa hiyo, wanasema wazee, ama umpe kila mmoja sawasawa, ama usimpe yeyote, na makofi nayo yawe hivyohivyo. Sidharau ushauri huu. Kwetu una mizizi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inatambua ndoa ya wake wengi, na wengi wetu tumekulia katika nyumba ambazo amani yake ilisimama juu ya hesabu: siku kwa siku, kitenge kwa kitenge, kilo kwa kilo. Nyumba isiyo na hesabu hiyo tumeiona ikisambaratika. Mtu aliyeonja uchungu wa mama yake kupewa doti ya khanga iliyofifia huku mke mwenza akipewa mpya, usimwambie kwamba usawa ni jambo dogo.

Tatizo ni kwamba kipaji hakikatwi kama kitenge. Yule mvulana wa daftari la madeni anatengeneza magari ya waya. Magurudumu anayakata kwenye ndala zilizokwisha, usukani anaupandisha kwa kijiti kirefu hadi kifuani, na gari linakata kona kweli. Hataki hela ya njumu, angeipeleka wapi? Waya anaokota. Anachotaka ni mtu mzima achuchumae amuulize umefanyaje mpaka likageuka. Ukimpa shilingi sawa na za kaka yake umelipa deni ambalo hakukudai, na lile alilokudai bado liko palepale. Usawa wa vitu unapimika, ndiyo maana tunaupenda. Usawa wa masikio hakuna anayeupima, na mtoto huuhisi kabla hajajua kuutaja.

Kimya nacho hakiko sawa kwa wote. Hapa ndipo wazee na mimi tunapoachana. Mkiamua nyumba nzima msisifu kipaji cha yeyote, haina maana kwamba sifa zimekoma. Zimehamia kwenye kazi. Sikiliza mtoto wa kufikia anavyosifiwa katika mitaa yetu: "Huyu binti ana mikono, angalia chanja lote la dagaa ameligeuza peke yake." "Huyu kijana hana makuu, ukimtuma maji anakwenda." Mtoto wa nyumbani akisifiwa utasikia ana akili, ana mbio, ana sauti, atafika mbali. Mmoja anasifiwa kwa anachokuwa, mwingine kwa anachosaidia. Sidhani kama tunakusudia. Lakini mtoto anayesikia miaka yote kwamba uzuri wake ni kufaa, anajifunza kwamba siku asipofaa hana nafasi, na huyo ndiye anayechukua kanga ya mama yake na basi la kwanza akifika miaka kumi na mitano.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumbagua mtoto, na Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unataka elimu ikuze vipaji vya mtoto na unampa haki ya kucheza na kupumzika. Ni vizuri yameandikwa. Hakuna afisa wa ustawi wa jamii atakayekuja kukagua makofi yamepigwa vipi ubarazani kwako, kwa hiyo nayaacha hapo.

Kuna jambo la mkoa wetu linanishughulisha zaidi. Kigoma tunajivunia wasanii kuliko mikoa mingi. Diamond Platnumz alikulia Tandale, Ali Kiba alikulia Kariakoo, wote Dar es Salaam, na bado ukikaa kijiweni Mwanga, hapa Kigoma mjini, utaambiwa hao ni wa kwetu, damu ya Kigoma. Nami nasema hivyohivyo, na kwa fahari. Lakini maana yake ni kwamba tunamdai mtoto kwa damu hata kama hatukumlea, hatukumpikia, hatukujua siku aliyoanza kuimba. Basi yule tunayemlea, tunayempikia, anayeimba ukutani kwetu kila jioni, tunaona haya kumdai kwa sababu damu ni ya Ujiji na ya marehemu. Mazoea haya mawili yanatoka mzizi mmoja. Tumeipa damu haki yote ya kipaji, ulezi hatukuupa kitu.

Sasa nirudi kwa yule baba, kwa sababu habari yake haikuishia kwenye ubwabwa.

Mvuvi wa dagaa watoto wake humjua akiwa amelala. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa kwa taa usiku wa giza, mwezi ukijaa taa haivuti kitu na mitumbwi hupumzika. Kwa hiyo baba huyu hukaa na familia macho wazi siku chache za mbalamwezi, basi. Mwaka 2024 Serikali ilifunga uvuvi katika ziwa kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wazaliane. Ilikuwa miezi ya dhiki Kibirizi, sitaipamba. Hela ya mboga ilikuwa ya kutafutwa. Lakini kwa mara ya kwanza tangu aoe, jioni zote alikuwa nyumbani, na jioni ndipo binti anapofanya mazoezi.

Mama alinisimulia. Siku moja mumewe alimuuliza binti kaswida ile kafundishwa na nani. Akajibu, "Baba." Kisha akashtuka, akasema, "Marehemu baba." Nyumba ikanyamaza. Yule mwanamume akauliza, "Alikuwa anaianzaje?" Binti akaianza. Kuanzia siku hiyo, akitaka kuisikia humwambia, niletee ile ya baba yako.

Maulidi husomwa Mfungo Sita, yaani Rabiul Awwal, mbalamwezi ikikaribia kujaa, kwa hiyo wavuvi wengi huwa nchi kavu. Mwaka ule alikaa safu ya mbele na alikula ubwabwa. Yule mzee wa Ujiji aliposema tena maneno yake, alimjibu mbele za watu: "Ndiyo, sauti ni ya baba yake. Tunaitunza."

Wanaopendelea kushangilia wangeifanya habari hii iwe ushahidi wao. Naikubali nusu. Ilifanya kazi kwa sababu mwanamume yule hakushangilia kwanza, aliuliza kwanza. Nimeona nyumba nyingine ambako mzazi wa kufikia, kwa nia njema kabisa, amekivamia kipaji cha mtoto: kila mgeni akija mtoto anaitwa aimbe, kila sherehe yuko mbele, picha zinarushwa kwenye magrupu ya WhatsApp ya ukoo ambao mtoto hata hajaujua vizuri. Kuna watoto ambao kile wanachokipenda ndicho kitu pekee walichobaki nacho cha mzazi aliyeondoka, na wamekificha makusudi. Ukikitoa barazani umewapokonya. Mtoto akisema leo sitaki kuimba, liwe jibu, na wifi na shemeji wasubiri.

Kisha kuna yule wa tatu wa baba, mvulana wa miaka 11, anayesahaulika katika mijadala yote hii kwa sababu hana anachoshinda. Anafuga njiwa. Hajawahi kupata cheti kwa ajili ya njiwa na hatapata. Lugha yenyewe hapa inatutega: vitabu vya shule zamani viliita mapenzi ya namna hii uraibu, na leo neno uraibu tunalisikia kwenye habari za dawa za kulevya, ndiyo maana vijana wanasema hobi. Iite utakavyo. Nyumba inayoshangilia ushindi peke yake inamwambia mtoto wa njiwa kwamba furaha yake haihesabiki, na katika nyumba zilizounganika hilo ni kosa kubwa zaidi, kwa sababu njiwa ndio waliowakutanisha yeye na yule wa magari ya waya. Banda la sasa lina mlango unaofungwa kwa kamba kutoka mbali. Waya unajulikana umetoka kwa nani. Watoto hawa wawili, hawana baba mmoja wala mama mmoja, na sijawaona wakihesabiana tangu banda lile lijengwe. Hakuna mzazi aliyewapanga. Kama ningetakiwa kuchagua kitu kimoja cha kuwaambia wazazi wa kambo, ningesema watafute mahali ambapo kipaji cha huyu kinahitajiwa na kupenda kwa yule, kisha wakae kando.

Limebaki swali gumu kuliko yote. Marehemu hana simu. Ni rahisi kiasi fulani kuitunza sauti ya mtu ambaye hatakuja kuidai. Lakini yule winga, mbio zake zimetoka kwa wajomba zake, na mama yake yu hai, anaishi Tabora, na ndoa iliisha vibaya. Akisikia mtoto anacheza, hupiga simu anataka kuona. Baba hataki. Anasema aliyeondoka mtoto akiwa hajui kuvaa viatu asije kuvuna njumu.

Namwelewa, na bado nadhani amekosea. Anayezuia picha ya mpira hamzuii yule mwanamke, anamzuia kijana kuonekana na mtu ambaye tangu utoto alitamani amwone. Mama mdogo, yaani mama yake binti wa kaswida, aliliona hilo kabla yangu. Mwezi uliopita kijana alifunga bao kwenye ndondo, yeye alikuwa pembeni ya uwanja na simu mkononi, akarekodi, na usiku ule akaituma Tabora bila kumwambia mumewe. Hilo la kutomwambia lilileta ugomvi wa siku tatu, na katika hilo mume ana haki yake. Jambo kama hili wawili hukubaliana kwanza, hata kama itachukua mbalamwezi mbili tatu.

Video yenyewe nimeiona. Ni fupi. Kijana anamhadaa beki, anaingia ndani, anapiga, kisha picha inatikisika mpaka huoni uwanja tena, unasikia vigelegele tu, virefu, vya mtu mmoja aliye karibu sana na simu. Jibu kutoka Tabora lilikuja asubuhi kwa sauti. Mama alikuwa analia na kucheka, akamsifu mwanawe, akawataja wajomba mmoja mmoja. Mwishoni akauliza, "Huyo anayepiga vigelegele ni nani?"

Kijana akaandika: "Mama mdogo."