Asilimia 95 ya nini?

Kila ninaposoma habari za programu mpya ya kubashiri peptidi (minyororo mifupi ya vijenzi vya protini) za mimea zinazoua bakteria, jicho langu hukimbilia mahali pamoja: mifano hasi, yaani ya peptidi zisizoua, imetoka wapi? Jibu mara nyingi hunivunja moyo.

Kompyuta hufundishwa kazi hii kwa mafungu mawili, peptidi zinazoua vimelea na zisizoua. Fungu la kwanza lipo, limepimwa maabara kwa miaka mingi. La pili ni haba, maana peptidi iliyoshindwa ni nadra kuchapishwa. Basi watu huchota vipande vya protini kwenye UniProt, hazina ya mtandaoni ya taarifa za protini, huondoa vinavyotajwa kuua vimelea, na vilivyobaki huviita hasi. Vingi havijawahi kupimwa na mtu. Tena vingi viko mbali kabisa na peptidi halisi; ni kutenganisha mchele na mawe, wakati kazi yenyewe ni mchele na chuya. Mtu akiniambia hapo amepata usahihi wa asilimia 95, namuuliza: wa nini?

Kwa mimea mambo ni magumu zaidi. Itazame kalata B1, peptidi ya mmea uitwao Oldenlandia affinis. Ina asidi amino (vijenzi vya protini) 29, na sita kati yake ni za aina iitwayo sisteini, zilizoshikana mbili mbili kwa madaraja ya salfa. Ncha zake zimeungana, kwa hiyo ni duara. Programu nyingi husoma peptidi kama neno, kila asidi amino ikiwa herufi moja, lenye herufi ya kwanza na ya mwisho. Hii haina mwanzo. Chaji zake za umeme nazo zinafutana, moja chanya na moja hasi. Anayechuja kwa kigezo cha chaji chanya, kigezo kinachofaa sana kwa peptidi za ngozi ya chura, angeitupa. Na bado kuna majaribio ya maabara ambayo iliua bakteria.

Hili linaniuma kwa sababu usugu wa bakteria dhidi ya dawa ulisababisha vifo takriban milioni 1.27 mwaka 2019, na kila ubashiri mbovu unamla mtafiti muda wa kutengeneza na kupima kitu kisichofaa.

Ombi langu ni kwa maabara: chapisheni zilizoshindwa, pamoja na bakteria mliyemtumia na kiwango mlichojaribu. Peptidi moja iliyopimwa ikashindwa, ikitofautiana na iliyofaulu kwa herufi mbili tu, ningeichukua nikaacha elfu moja za kuokota.