Acheni Kuuza Pikapu za Besi Mojamoja

Kuna fundi mmoja hapa Dar es Salaam, ambaye sitamtaja, aliyechukua patasi na kuchonga mbao ya besi ya kijana wa watu ili pikapu, kile kipande cha sumaku na koili kinachonasa mtikisiko wa nyuzi, ambayo haikuundwa kukaa upande wa shingo, iingie hapo kwa lazima. Kijana huyo hupigia kwaya, na gitaa lake ni nakala ya bei ya kawaida ya Jazz Bass, gitaa la besi la kampuni ya Fender. Aliniletea akilalamika kwamba pikapu mpya, alizozinunua kwa fedha ya kuungaunga, kila moja ikiwa peke yake inasikika vizuri, lakini akifungua zote mbili besi inakonda na kubaki sauti ya puani. "Kaka, nadhani amplifaya ndiyo mbovu," aliniambia, kwa kuwa fundi alikwisha kumhakikishia kwamba pikapu hazina shida yoyote: alizipima kwa mita, zote zikasoma kiloomu (kipimo cha ukinzani wa umeme) nyingi kuliko zile za zamani, na mita haidanganyi.

Ni kweli kwamba mita haidanganyi, ila fundi aliiuliza swali lisilohusu. Ukinzani wa koili hueleza urefu na wembamba wa waya wa shaba uliozungushwa, basi. Chukua koili mbili zenye mizunguko sawa na sumaku za aina moja, moja ikiwa ya waya wa geji (namba ya unene) 42 na nyingine ya geji 43 ambao ni mwembamba zaidi: ya pili itasoma karibu robo zaidi, na sikio halitakuta nguvu hiyo inayodaiwa kuongezeka. Shaba nayo hubadilika kwa joto, takribani asilimia 0.39 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi, kwa hiyo pikapu iliyoandikwa kiloomu 7.5 huko ilikopimwa katika chumba cha nyuzi 20 itasoma karibu 7.85 mchana wa nyuzi 32 hapa kwetu, na muuzaji atakuambia kwa fahari kwamba amekupatia yenye nguvu kuliko ilivyoandikwa. Wapo pia wanaopima kwenye jeki, tundu la waya wa amplifaya, huku volumu zote mbili zikiwa wazi, wakasoma kama 3.6 na kutangaza kwamba pikapu zimekufa, ilhali zimefungwa sambamba na hesabu ndivyo inavyopaswa kutoka. Kuchagua pikapu kwa kiloomu ni sawa na kuchagua mwimbaji kwa kumpandisha kwenye mizani.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba namba hizo zina kazi. Mita isiposoma chochote, koili imekatika. Na ndani ya toleo moja la mtengenezaji mmoja, ambapo waya na sumaku havibadiliki, pikapu ya darajani, yaani iliyo karibu na daraja linaloshika nyuzi mwilini mwa gitaa, kusoma juu kidogo kuliko ya shingoni ni dalili njema, kwa sababu nyuzi hazitikisiki sana karibu na daraja na koili ya hapo huongezewa mizunguko ili kufidia. Nje ya hapo, namba ni pambo la tangazo.

Kilichomwumiza yule kijana ni kwamba pikapu zake mbili hazikuwa jozi. Alinunua moja kwa muuzaji huyu na nyingine kwa yule, kila mmoja akimsifia ya kwake, na hakuna aliyemwuliza zitakaa na nani. Jazz Bass, tangu ilipotoka mwaka 1960, ni gitaa la pikapu mbili zenye koili moja kila moja, na koili moja ikiwa peke yake hunasa mvumo wa umeme kama antena. Dawa ya mvumo huo ni ujanja wa kuzipatanisha: koili moja huzungushwa kinyume cha mwenzake na sumaku zake hugeuzwa kinyume pia, ili sauti ya nyuzi kutoka pikapu zote mbili ijumlike huku mvumo ukijifuta. Ujanja huo unahitaji vyote viwili. Ukipata kimoja tu bila kingine, nyuzi zenyewe ndizo zinazofutana, na noti za chini hutangulia kupotea, jambo ambalo kwa mpiga besi ni kukosa kazi.

Wanaodhani mvumo ni kero ya wapenda anasa wa studio waje wapige katika kumbi zetu. Katika ukumbi ambao waya wa ardhi uliishia kwenye mchoro wa mkandarasi, jenereta ikinguruma nyuma ya jikoni na taa za rangi zikiwaka na kupungua juu ya jukwaa, koili moja isiyo na mwenzake husikika hadi mlangoni. Kanisani ni vibaya zaidi, kwa sababu huko kuna nyakati za kunyamaza.

Kinachoniudhi ni kwamba kuzikagua kunahitaji dakika chache na vifaa ambavyo kila fundi redio anavyo. Kabla ya kufunga chochote, shika pikapu mbili uzielekezane uso kwa uso. Zikivutana, sumaku zao zimepishana, moja kaskazini na nyingine kusini, na una nafasi ya kupata jozi. Zikisukumana, ni za upande mmoja, na hapo hakuna ufundi wa waya utakaokupa sauti nzuri na ukimya kwa pamoja. Kisha chukua mita ya mshale, iweke kwenye kipimo kidogo kabisa cha volti za betri, unganisha nyaya za pikapu ya kwanza, gusa vijiti vya sumaku kwa shina la bisibisi, halafu livute kwa ghafla na utazame mshale umerukia upande gani. Rudia kwa pikapu ya pili, ukifuata mpangilio uleule wa waya moto na waya wa ardhi. Mshale ukirukia upande uleule, zinasema kauli moja. Ukirukia upande mwingine, geuza nyaya za pikapu mojawapo, mradi waya wake wa ardhi haujaunganishwa na bati la kukinga. Gitaa la yule kijana lilikuwa la namna hiyo: sumaku zilipishana vizuri, nyaya ndizo zilizokuwa zinapingana, na kilichohitajika ni kulehemu sehemu mbili. Mbao iliyochongwa, hata hivyo, hairudi.

Nizungumzie uchongaji huo, kwa sababu hasira yangu kubwa iko hapo. Katika Jazz Bass za kawaida pikapu ya darajani ni ndefu kuliko ya shingoni kwa karibu milimita 3, kwa kuwa nyuzi huachana zaidi kadiri zinavyoelekea darajani. Nakala nyingi za bei nafuu, kwa upande mwingine, huja na mashimo mawili yenye urefu sawa, na baadhi ya besi za nyuzi tano zina vipimo vyao vingine kabisa. Rula ya shule ingetosha. Mtu anayeona pikapu imegoma kuingia akakimbilia patasi kabla ya rula hana haki ya kujiita fundi wa magitaa, na ningependa kusikia akijitetea, kwa sababu sioni utetezi unaowezekana.

Wenye gitaa lenye pikapu ya Precision, besi nyingine ya Fender, katikati na ya Jazz darajani wana shida yao. Ile ya Precision, katika umbo lake la vipande viwili la mwaka 1957, huzima mvumo yenyewe, kwani vipande hivyo vimeshapishana na kuunganishwa kwa mfululizo. Haimhitaji mwenzake, na haimsaidii. Ile ya darajani basi itaendelea kuvuma kila unapoifungua, na juu ya hayo itakuwa dhaifu kwa nafasi yake. Hapa nashauri bila kusita kununua pikapu ya Jazz yenye koili mbili zilizofichwa ndani ya kifuniko kimoja. Waumini wa sauti ya zamani watanuna. Wanune, mimi nimechoka kusikia mvumo kwenye mahubiri.

Kuhusu sumaku za alniko (aloi ya alumini, nikeli na kobalti) dhidi ya zile za kauri, mengi yanayosemwa ni maneno ya vijiweni. Kuhusu pikapu zinazotumia betri, kama za kampuni ya EMG, sina ugomvi nazo, ila zinataka volumu za kiloomu 25 na si 250 kama za kawaida, na kuichanganya moja na isiyo na betri kwenye gitaa moja bila kifaa cha kuzipatanisha ni kujitafutia lawama.

Naamini pia kwamba mahali pikapu ilipo hubadilisha sauti kuliko jina lililoandikwa juu yake. Mpiga besi wa jazz wa Marekani, Jaco Pastorius, alijulikana kwa Jazz Bass yake ya mwaka 1962 na kwa kuegemea pikapu ya darajani, na wapiga besi wetu wanaokatakata noti kwenye sebene huielewa sauti hiyo hata kama hawajamsikia. Katika matoleo ya miaka ya 1970 pikapu hiyo ilisogezwa karibu zaidi na daraja, kwa takribani sentimita moja, na sauti ikawa kali kwa kiasi ambacho kila sikio hukitambua. Anayetafuta sauti ya miaka hiyo kwa kununua pikapu na kuiweka katika shimo la zamani anaweza kupata sauti nzuri, lakini si ile aliyoilipia.

Kuna watakaosema kwamba mtaani jozi haipatikani kila siku, na kwamba kijana mwenye fedha ya pikapu moja hununua moja. Hilo ni kweli, na simlaumu kijana. Namlaumu muuzaji anayeipasua jozi iliyokuja ikiwa kamili kwa sababu ya darajani inauzika haraka, kisha ile ya shingoni akamwuzia mtu mwingine bila hata kumwambia pikapu mwenzake ilikwenda wapi. Kama ni lazima uuze moja, bandika karatasi nyuma yake uandike uso wa sumaku ni wa kaskazini au wa kusini, waya upi ni wa ardhi, na urefu wake kwa milimita. Na wewe mnunuzi, ukienda dukani beba pikapu yako iliyobaki mfukoni, uielekeze kwenye ile unayouziwa kabla hujatoa fedha. Muuzaji akikukataza, rudisha fedha yako mfukoni na uende duka la pili.