Dawa ya kulainisha choo kwa mtoto si ya siku tatu

Huku kwetu Mwanza, ukisema mtoto amefunga choo utaambiwa umpe papai na maji mengi. Ikishindikana, mafuta ya nyonyo. Anayeshauri dawa ya kulainisha choo kwa miezi kadhaa huonekana anataka kumzoesha mtoto vibaya: "Utumbo utalegea, hatapata choo bila dawa."

Watu wa papai wana hoja. Mtoto anayekula ugali wa udaga kwa dagaa mchana na usiku, bila matembele wala tunda, atapata choo kigumu. Ila choo kikishakauka na kujazana ndani, papai halikifikii. Nayo mafuta ya nyonyo humsokota tumbo, na mtoto aliyeumia hujizuia zaidi. Mwangalie amejibanza nyuma ya mlango, miguu ameikaza, jasho linamtoka. Mama anadhani anasukuma, kumbe anazuia.

Kati ya dawa zenyewe za kulainisha choo, makrogoli, unga unaokorogwa kwenye maji, huishinda laktulosi, ile dawa tamu ya maji. Makrogoli hushuka na maji yake hadi chini. Laktulosi huchachushwa na bakteria wa utumbo mpana, tumbo likajaa gesi. Mwongozo wa madaktari wa Ulaya na Amerika Kaskazini wa 2014 unataja makrogoli kwanza, na laktulosi pale inapokosekana. Duka la mtaani likiwa na laktulosi tu, ichukue. Mimi ugomvi wangu ni muda. Mwongozo huo unataka dawa iendelee angalau miezi 2, na ipunguzwe taratibu baada ya mwezi mzima bila shida. Sisi tunaiacha siku ya tatu, choo kikitoka tu, na utumbo uliotanuka bado haujarudi. Kwa dawa hizi mbili, hofu ya utumbo kuzoea haina ushahidi.

Kinachoniuma zaidi ni madoa kwenye chupi. Kinyesi chepesi hupenya pembeni ya kile kigumu, mama anasema dawa imemharisha, anaiacha. Mwingine anampa ya kuzuia kuhara, na kufuli linakazwa. Mtoto anachapwa kwa kujinyea, naye hakusikia kikitoka, maana utumbo uliotanuka hupoteza hisia. Nimeona mtoto wa miaka sita akificha chupi chini ya godoro.

Lakini kichanga aliyepitisha saa 48 bila choo cha kwanza, au mtoto anayetapika kijani huku tumbo limevimba, huyo ni wa hospitali, leo hii.