Tatizo si haraka peke yake

Mwandishi wa makala niliyoisoma kuhusu kupita magari mengine barabarani anasema madereva wapya wanaovateki vibaya kwa sababu ya haraka. Haraka ipo, lakini wengi hawakufundishwa. Mimi nilijifunzia uwanjani, kurudi nyuma kati ya madumu, nikapata leseni bila kuipita hata baiskeli kwenye barabara kuu.

Somo nililipata kwenye mlima wa Kitonga, kule Iringa. Lori mbele yangu likawasha indiketa ya kushoto, nikajua ananiruhusu nipite, nikatoka. Kumbe alikuwa anaegesha tu, na basi linashuka! Nilirudi nyuma yake kwa kudra za Mungu. Tangu siku hiyo indiketa ya mwenzangu naichukulia kama fununu, siyo ruhusa. Sioni mbele, sitoki. Mstari wa katikati ya barabara ukiwa mzima, haujakatika, upande wangu, sitoki hata lori liwe linatambaa. Na usiligande lori matakoni. Rudi nyuma kidogo ndipo utaona barabara.

Kukata kulia nako kuna mtego wake. Ukiwa unasubiri magari yanayotoka mbele yapite, acha matairi yakiwa yamenyooka. Ukishayakunja halafu ukagongwa nyuma, unasukumwa moja kwa moja kwa wanaokuja. Kabla hujakata, tazama tena kioo cha kulia, geuza na shingo, maana bodaboda atakupita upande huohuo unaokatia, indiketa yako inawaka mchana kweupe.

Kipilefti, ule mzunguko wa kwenye makutano, sisemi kitu, pale hata wakongwe wanabahatisha.