Wanasoma bila kusoma

Juzi mpwa wangu aliniambia kamaliza sura nzima ya baiolojia kwa dakika nne. Nikamuuliza: kwa nini damu ikishatoka mapafuni inarudi kwanza moyoni, badala ya kwenda moja kwa moja mwilini? Akatazama dari, halafu akanyoosha mkono kuchukua simu. "Subiri kidogo mjomba, imo humu." Kweli ilikuwemo. Humo kwenye simu.

Alichokuwa amesoma ni muhtasari wa mistari sita uliotengenezwa na programu ya akili mnemba. Niliukagua, haukuwa na kosa. Ulisema damu hupita moyoni mara mbili katika kila mzunguko, basi. Kilichoachwa ni ile aya ndefu ya kitabuni, inayochosha kidogo, inayoeleza kwamba mapafuni damu hupenya kwenye vishipa vyembamba mno, msukumo wake ukashuka, ndiyo maana lazima irudi kusukumwa upya. Ukifika hapo ndipo unaposema "kumbe!" Muhtasari haukupi hiyo kumbe.

Katika Kiswahili, kupitisha macho kwenye maandishi ni kusoma, na kwenda kutafuta elimu pia ni kusoma. Ukisema fulani amesoma, huna maana kwamba jana alishika gazeti. Naona neno hilo linaanza kupasuka katikati: vijana wanasoma kutwa nzima, jumbe, vichwa vya habari, maoni chini ya video, na bado hawajasoma.

Sina ugomvi na simu. Maktaba nzima mfukoni ni neema ambayo sisi tulioazimana kitabu kimoja watu watano hatukuiota. Ila tusidanganyane. Mwaka 2018 watafiti walijumlisha tafiti 54 zenye washiriki zaidi ya 170,000, wakilinganisha uelewa wa waliosoma kwenye karatasi na waliosoma kwenye skrini. Karatasi ilishinda. Si kwa mbali, na kwenye hadithi tupu tofauti haikuonekana, lakini kwenye maandishi ya kufundisha ilikuwepo, na ilizidi pale msomaji alipobanwa na muda. Huyo si ndiye mwanafunzi mwenye mtihani kesho asubuhi? Na kuanzia 2000 hadi 2017 pengo hilo lilikuwa likipanuka, kwa hiyo ule utetezi wa "watoto wa siku hizi wamezoea skrini" mimi nimeuweka kando.

Kwa maoni yangu karatasi haina uchawi wowote. Ni kwamba skrini tumeizoea kwa haraka haraka: jicho linashika mistari miwili ya juu, linateremka pembeni, kidole kinasukuma. Mazoea hayo hayakuachi mlangoni unapofungua kitabu cha fizikia kwenye kifaa kilekile. Mimi mwenyewe, ninayejiita msomaji, hujikuta nimefika mwisho wa ukurasa sijui nilichopita.

Basi siku ile tukaiacha simu chumba kingine. Kurasa tatu zilimchukua dakika 25, na mihemo ya kulalamika humo ndani ilikuwa mingi. Alirudia aya ileile mara mbili. Mara ya tatu akachukua penseli, akachora moyo pembeni mwa ukurasa, mchoro mbaya kwelikweli ulioonekana kama kiazi, akaanza kufuatisha mishale kwa ncha ya kidole. Akanyamaza. Kisha akauliza, bila kuniangalia: "Sasa samaki je? Hana mapafu. Damu yake ikitoka kwenye matamvua inarudi moyoni nayo?"

Nilikuwa nalijua jibu, nikauma ulimi. Alisubiri kidogo, akaona siongei, akaanza kufunua kurasa za mbele kutafuta samaki.