Kamari, Pombe, Video, Kisha Maktaba

Keti, jirani, nyoosha shingo. Mashine hii ya kunyolea haina adabu. Ukigeuka ghafla tutaanza kutafutana lawama, na lawama zangu zote za leo nimeziacha kwenye ukumbi wa mtaa.

Naam, nilienda. Mkutano wa kukusanya maoni ya wananchi kuhusu bajeti ya Kaunti ya Nairobi. Tangazo lilibandikwa Alhamisi jioni, mkutano ukawa Ijumaa saa nne asubuhi, wakati ambapo mwenye kazi yuko kazini na asiye nayo yuko barabarani akiitafuta. Wanaobaki kuwa wananchi ni sisi wenye vibanda, wazee wa Nyumba Kumi, na yule jamaa anayehudhuria kila mkutano, hata ule wa chanjo ya mbwa, na hana mbwa. Anakuja kwa ajili ya soda. Soda zilikuwepo, sitasema uongo. Mkate ulikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kujibu swali langu.

Na swali lenyewe halikuwa la kuvunja nchi. Niliuliza: kile chumba nyuma ya ukumbi, kilichoandikwa MAKTABA kwa rangi ya kijani, msimamizi wake ni nani?

Mkubwa wa kwanza akasema hilo ni la watu wa elimu. Mkubwa wa elimu akacheka kidogo, akasema hapana, hilo ni la utamaduni. Wa utamaduni hakuja, alituma udhuru. Kisha akasimama binti mmoja mwenye tarakilishi mapajani, akaeleza kwa upole kwamba jengo liko chini ya idara moja, vitabu chini ya nyingine, na mlinzi yuko chini ya kampuni ambayo mkataba wake ulikwisha. Ukumbi mzima ukamtazama kwa huruma. Msichana mkweli kiasi kile! Nilijua hapo hapo mkutano ujao hatutamwona.

Nikauliza, basi ufunguo uko wapi? Wakaandika. Wanaandika sana, jirani. Ukitaka kujua swali lako limekufa, tazama linavyoandikwa haraka.

Ndipo akasimama Mwalimu. Unamjua, yule mstaafu wa kofia ya sufi, ambaye namtoza nusu bei kwa sababu nywele zenyewe ni nusu. Mwalimu hatembei bila Katiba. Akaifungua Jedwali la Nne, Sehemu ya Pili, akasema: msibishane, hizi hapa kazi za serikali ya kaunti, someni wenyewe. Akasoma. Kamari na michezo ya bahati nasibu. Mashindano ya mbio. Leseni za pombe. Sinema. Maonyesho ya video na ukodishaji wake. Kisha, jirani, kisha ndipo ikaja: maktaba.

Nilidhani anatania. Nikaomba kukiona kitabu kwa macho yangu. Kweli. Maktaba imezaliwa nyumba moja na kamari na pombe, mama mmoja, baba mmoja, Katiba ya mwaka 2010. Hebu watazame hao ndugu sasa. Kamari amejenga, ana tawi kila kona, na siku hizi anaishi hata ndani ya simu yako. Pombe ndiye usiseme, kutoka stendi mpaka hapa kwangu unaweza kutembea kwa kuegemea kuta za baa tu. Huyu mmoja aliyekwenda shule ndiye kafungiwa nyuma ya ukumbi, na ufunguo hatujui uko na nani.

Unajua kwa nini? Mimi nimeshafikiri, maana nikinyoa watoto huwa hawana mazungumzo, nabaki na akili yangu. Kamari inalipa leseni. Baa inalipa leseni. Mimi na mashine hii mbovu nalipa leseni, na kanjo, askari wa kaunti, akichungulia mlangoni hasemi hata salamu, anatazama ukutani kama cheti kimetundikwa. Kila kinacholipa kina afisa wake, kina faili lake, kina mtu wa kuamka asubuhi akikiulizia. Maktaba hailipi kitu. Hujawahi kumwona kanjo akibisha mlango wa maktaba akiuliza: leo mmefungua saa ngapi, vitabu vingapi vimeazimwa, mbona bomba linavuja? Hailipi, basi haisimamiwi.

Inamisha kichwa. Hivyo.

Usifikiri nataka maktaba ili nionekane msomi. Mimi gazeti nasoma ukurasa wa nyuma kwanza. Nataka maktaba kwa sababu nyumba yangu ni chumba kimoja. Kitanda, pazia, jiko, na meza ambayo ni ya chakula, ya pasi na ya hesabu za Gredi ya Saba. Ukuta wa kushoto kuna jirani mwenye spika kubwa kuliko kabati lake. Ukuta wa kulia kuna ndoa changa, wanagombana na kupatana, na kupatana kuna kelele zaidi. Binti yangu anasoma hapo katikati. Juzi ameandika insha kuhusu umuhimu wa amani nyumbani, mwalimu wake akamwandikia: "Umetumia mifano halisi."

Na huu mtaala wa umilisi, jirani! Kila jioni anarudi na kazi ya kufanya utafiti. Utafiti wa nini, mtoto mwenyewe hana kitabu cha kutafitia. Tunakwenda saiba, duka la intaneti. Unalipia muda wa kutafuta, unalipia kila karatasi ya kuprinti, na ukitaka picha ya nyuki yenye rangi unalipa kama umenunua mzinga. Mama watoto akaniambia, baba fulani, kwa nini msiende maktaba? Nikamwonyesha kufuli. Alilitazama sana, akasema hilo kufuli ni zuri, ni la bei.

Mwalimu anasema tusilie peke yetu, twende mjini Banda Street tukamtazame kaka mkubwa wa maktaba zote za jiji. Nilimsindikiza. McMillan. Umepita pale mara ngapi ukielekea Msikiti wa Jamia bila kuinua macho? Nguzo kubwa kubwa, na simba wawili wa mawe mlangoni. Wale simba ndio wafanyakazi pekee wa jiji ambao hawajawahi kugoma wala kwenda semina Mombasa. Jengo lilifunguliwa mwaka 1931. Tajiri mmoja mzaliwa wa Marekani, Sir William Northrup McMillan, alifariki mwaka 1925, akazikwa kule Ol Donyo Sabuk, na mkewe, Lucie, akamjengea maktaba ya ukumbusho. Miaka mingi ilikuwa ya Wazungu tu. Babu yangu angeruhusiwa kufika hadi pale kwa simba, tena akiwa na ufagio. Mwaka 1962 halmashauri ya jiji ikaichukua.

Sasa sikia uchawi wa sheria. Lile jengo lina sheria yake lenyewe, ya mwaka 1938, Sura ya 217 ya Sheria za Kenya. Mimi na wewe hatuna hata mstari wa sheria wenye majina yetu, lakini nyumba ile ina sura yake nzima. Huwezi tu kuamka ukaibomoa ujenge maduka ya simu. Nikamwambia Mwalimu, sheria hii nzuri, inamkataza binadamu. Vumbi ilisahau kulikataza.

Na usiku ule sikulala kwa hesabu. Jiji lina wadi 85. Maktaba ambazo kaunti ilirithi kutoka halmashauri ya zamani ni McMillan, Kaloleni na Makadara. Tatu. Wadi 85, maktaba tatu! Vile vyumba vya nyuma ya ukumbi kama chetu hata kwenye hesabu havimo, ndiyo maana ufunguo wake unaweza kupotea na hakuna anayeumwa kichwa.

Haya, nisiwe wa kulaumu tu, maana mama watoto anasema nalaumu hata mvua. Kuna wanawake wawili, Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, waliona hali ya zile tatu, mwaka 2017 wakaanzisha shirika linaloitwa Book Bunk, mwaka uliofuata wakaingia mkataba na kaunti. Wakatafuta pesa, wakazifanyia ukarabati Kaloleni na Makadara. Nenda uone. Rangi, viti vya watoto, vitabu vya kisasa, vya Kiswahili pia. Nilisimama Makadara nikanyamaza, na mimi kunyamaza unajua bei yake. Lakini nilipotoka nikauliza swali la kinyozi: kumbe inawezekana? Kama wawili wameweza kwa kuombaomba, wenye kukusanya leseni za jiji zima wameshindwa wapi? Na hao wakichoka kesho, nani atabadilisha balbu? Msaada ni mzuri, lakini balbu ni ya bajeti, jirani. Iandikwe kwenye bajeti, kwa jina lake, balbu.

Ndiyo maana tunaandika ombi. Mwalimu anasema Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inamruhusu mwananchi yeyote kupeleka ombi kwenye bunge la kaunti, na kwamba makadirio ya bajeti lazima yafike kwa waheshimiwa kufikia tarehe 30 Aprili, kwa hiyo tuwahi kabla hawajamaliza kugawana lami. Tumeomba machache. Jina la msimamizi libandikwe mlangoni, na nambari yake ya simu, iwe inaita. Saa za kufungua ziandikwe. Pesa zilizotengwa na zilizotumika ziandikwe hapo hapo, kwa maandishi ambayo mtu mzima hahitaji miwani ya jirani. Paa lijengwe upya. Wakazi wawili wawe kwenye kamati ya kusimamia, na wasilipwe posho. Hilo la posho, waliokuwa wamejitokeza wote wakapungua hadi mimi na Mwalimu.

Sasa tunatafuta sahihi. Kazi! Watu hawataki kutoa nambari ya kitambulisho. Tangu mwaka 2021, walipofungua mtandao wa serikali wakajikuta wanachama wa vyama wasivyovijua, ukimwambia mtu "weka sahihi hapa" anakuangalia kama unamuoza. Mama wa mboga kaniuliza ni chama gani. Nikasema ni maktaba. Akasema, "Mwenyekiti wake nani?" Mwenye baa kasema atafikiria. Yule jamaa wa soda kaweka sahihi mara mbili, tumeifuta moja.

Na unajua nani aliyeweka sahihi bila hata kusoma? Mwenye duka la beti. Akasema wanafunzi wamemjazia duka jioni, hawabeti, wamefuata taa na intaneti, wanafanyia kazi ya shule juu ya karatasi zake za mkeka wa beti, wateja hawana pa kusimama. "Wajengeeni hao watu maktaba yao," akasema, "nimechoka kuulizwa maana ya maneno." Kisha akachukua kalamu akaongeza mstari wake chini ya madai yetu: "Na iwe na televisheni, Jumamosi na Jumapili."

Mwalimu amekasirika, anataka kuufuta. Mimi nimemwambia auache. Video zimo kwenye orodha ile ile ya Katiba, tena zimetangulia maktaba kwa mstari mmoja. Upande huu uko sawa? Haya, geuka polepole, na kabla hujatoa pesa, nipe kitambulisho chako nikione.